Urithi wa mji haulindwi kwa banderoli: neno juu ya kampeni za wanafunzi wetu

Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tunaisikia kila mara vijana wetu wa shule wanaposimama mbele ya watu kuzungumza juu ya majengo ya zamani ya Bukavu. Wanaanza nayo, wanamaliza nayo, watu wanapiga makofi, kisha kila mtu anarudi kwake. Methali ni ya kweli, hatuipingi. Shida ni kwamba ukuta hausikii methali. Kesho yake fundi anafika na nyundo, parsele imekwisha gawanywa mara tatu, na nyumba iliyosimama miaka sabini inageuka kifusi cha kujazia msingi wa ghorofa nyingine.

Siku hizi katika shule na iniversite za Bukavu wako vijana wanaoshughulika na urithi wa mji. Wengine wanasoma historia, wengine utalii, wengine ujenzi, wengine ni wa vilabu vya utamaduni tu. Wanapiga picha za nyumba za zamani, wanapita na banderoli kwenye barabara ya Lumumba, wanaomba dakika kidogo redioni, wanapeleka watoto wa shule kutembelea kanisa kuu au nyumba za Nguba na Muhumba. Kitabu chetu hiki ni cha mila na desturi, na kampeni hizi nazo zimekwisha kuwa desturi ya mji. Basi zinastahili kupimwa sawa vile tunavyopima ngoma au hadithi: nini kinaenda vizuri, nini kinapwaya, na kwa sababu gani.

Neno letu ni hili: jengo hulindwa na wenyewe. Kampeni inayofundisha watu kabla ya kuwauliza inawakalisha kama wageni mbele ya jengo, na mgeni hapiganii nyumba isiyo yake.

1. Kwanza tuwape haki yao

Wako watu wazima wanaocheka kampeni hizi. "Batoto bamekosa kazi," wanasema. Hatuko pamoja nao. Mtu aliyeona Bukavu ya mwaka 1967, ya 1996 na ya 2004 amezoea kuhesabu wafu kabla ya kuhesabu nyumba, na hakuna wa kumlaumu. Lakini mazoea hayo yametufanya tupite mbele ya majengo bila kuyaona. Kijana aliyezaliwa nyuma ya vita vya kwanza anainua macho, anaona kona ya mviringo, ngazi, baraza inayotazama ziwa, anauliza: nani alijenga hii? Sisi wakubwa tuliacha kuuliza zamani.

Tena vijana hawa hawalipwi. Mara nyingi picha zinatoka kwenye simu zao, na nauli inatoka mfukoni mwao. Wengine wameandika juu ya majengo hayo TFC na mémoire ambazo zina vipimo, michoro na majina ya mitaa. Kazi hizo zinalala maktabani, mtu wa mtaa hazijui. Tutarudi kwenye jambo hilo, kwa maana hapo njo kuna ufunguo.

2. Majengo yenyewe

Kusudi tusikie vizuri kinacholiliwa, tukumbuke kidogo. Kituo cha wakoloni kilianzishwa hapa mwaka 1901. Mwaka 1927 mji ulipewa jina la Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, afisa wa Leopold II aliyekuwa makamu wa gavana mkuu na kufa mwaka 1905. Mji ukawa makao makuu ya mkoa wa Kivu. Katika miaka ya 1930 mpaka 1950 walowezi wa kahawa, wa chai na wa kwinini, pamoja na leta na wamisionari, walijenga juu ya vilima na kwenye rasi zinazoingia ziwani. Sehemu kubwa ya nyumba hizo ni za mtindo unaoitwa Art déco: kuta laini, kona za mviringo, madirisha ya duara kama ya meli, paa zilizofichwa nyuma ya ukuta. Miji ya Afrika yenye nyumba nyingi za namna hii pamoja si mingi.

Kati ya majengo ya wakati huo, machache kila mtu anayajua. Kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix na kuba lake. Collège Alfajiri ya Wayezuiti, iliyoanzishwa mwaka 1938 kwa jina la Notre-Dame de la Victoire. Hôtel Résidence kwenye barabara ya Lumumba. Na nje ya mji, kule Lwiro katika Kabare, jumba kubwa la utafiti lililojengwa kwa ajili ya IRSAC, shirika lililoundwa mwaka 1947, ambalo leo ni la CRSN.

Majengo haya yamepita mengi. Agosti 1964 waasi wa Mulele walifika mjini na Kanali Mulamba akawarudisha. Agosti 1967 mamluki wa Schramme waliuteka mji, wakakaa mpaka mwanzo wa Novemba, na walipotoka sehemu kubwa ilikuwa imeharibika. Tarehe 30 Novemba 1973 ilitangazwa zairianisation; mali nyingi za wageni zikabadili mikono kwa siku chache, na aliyepewa bure mara nyingi hakujua bei ya kutengeneza paa. Mwaka 1994 wakimbizi walijaa mjini, mwaka 1996 vita, 1998 vita, 2004 tena vita. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la nchi lilipasua nyumba na makanisa. Februari 2025 mji uliingia mikononi mwa M23.

Hata hivi, tuseme kweli. Vita na tetemeko vimepasua kuta, lakini kinachofuta nyumba kabisa ni biashara ya viwanja. Mtu mwenye pesa ya dhahabu au ya koltani hatafuti nyumba ya chini yenye bustani. Anatafuta mahali pa kusimamisha ghorofa nne, na bustani ile anaiona kama ardhi iliyolala bure.

3. Lugha ya kampeni

Twende sasa kwenye kampeni zenyewe. Jambo la kwanza linalopwaya ni lugha. Banderoli imeandikwa Kifaransa: "Protégeons notre patrimoine". Hotuba ni ya Kifaransa, na mwisho wanatia maneno mawili ya Kiswahili kama chumvi. Wanaosikia ni wanafunzi wenzao na wageni wa heshima waliokaa kwenye viti vya mbele. Mama anayepita na beseni ya sambaza kichwani anajua tu ya kwamba kuna sherehe.

Tungesema ni kosa dogo, la kutafsiri tu. Lakini tuangalie neno lenyewe. "Patrimoine" kwa masikio ya mtu wa Kadutu ni neno la ofisi. "Urithi" ni neno la nyumbani. Kwetu, ukitamka urithi kwenye kikao cha jamaa, hata aliyekuwa anasinzia anakaa wima. Urithi una aliyeacha, una warithi, una mashahidi, tena una ugomvi! Watu wanaulizana: baba aliacha nini? Alimwachia nani? Nani aliuza bila kuambia wengine? Maulizo hayo matatu, ukiyapeleka kwenye jumba la zamani la mji, yana nguvu kuliko hotuba ya saa nzima. Neno la Kifaransa linawaambia watu kuna kitu cha kutazama, na neno lao wenyewe linawaambia kuna kitu ambacho mtu anaweza kuwaibia.

Njo maana tunashangaa kuona vijana wanaacha silaha yenye makali na kushika fimbo ya kuazima. Sababu ipo. Mafundisho mengi juu ya urithi yanatufikia yakiwa yamekwisha pikwa. UNESCO iliitisha mkutano wa kwanza wa vijana juu ya urithi wa dunia kule Bergen, Norway, mwaka 1995. Mwaka 1998 ikatoa vifaa vya kufundishia shuleni vinavyoitwa "Patrimoine mondial aux mains des jeunes". Ni kazi nzuri, na mwalimu mwenye akili anaweza kupata mengi ndani. Lakini mtoto anayefundishwa urithi kwa picha za piramidi na za mahekalu ya mbali anajifunza kwamba urithi ni kitu kikubwa cha mbali. Akirudi kwao anatafuta kinachofanana na picha ile. Kwa Bukavu anachokiona ni nyumba ya mlowezi, na anasimama hapo.

4. Urithi wa nani?

Hapo tunafika kwenye jambo la pili. Chukua mfano wa maneno yanayosikika mara nyingi. Kijana anamwambia muzee mmoja: "Muzee, hii nyumba ni ya maana sana, tuichunge." Muzee anajibu: "Mutoto wangu, ile nyumba ya bazungu, siye hatukuwaka tunaingia mule. Baba yangu aliingiaka kwa mulango wa nyuma, na sahani mu mikono. Sasa unataka nilie juu yake?"

Jibu hilo si la ujinga. Ni ushahidi wa historia, na kampeni nyingi hazina mahali pa kuliandika. Kijana anaona mtindo wa Art déco. Muzee anaona mlango wa nyuma. Wote wawili wanaona jengo lilelile, na jengo halijaelezwa mpaka mambo yote mawili yamesemwa. Nani alibeba mawe? Nani alichanganya simenti na kupiga plasta ile laini inayosifiwa leo? Mikono ile ilikuwa ya baba zetu na babu zetu. Kampeni ikianzia hapo, muzee anageuka mwenyewe wa jengo: nyumba iliamriwa na mwingine, lakini kazi ilikuwa yake.

Tena kwa nini picha zote zinapigwa Ibanda? Kadutu ni mtaa wa wafanyakazi Waafrika wa wakati ule, na Bagira ilipangwa katika miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, shirika la leta lililojenga nyumba za Waafrika katika miji mikubwa ya koloni. Nyumba za Bagira ni ndogo, zimepangwa mistari, zimeongezwa vyumba na mabati kila upande. Hazipendezi kwenye kalenda. Lakini humo njo vilizaliwa vyama vya wafanyakazi, kwaya, timu za mpira, ndoa za makabila mbalimbali na Kiswahili chetu hiki cha Bukavu. Mwanafunzi mwenyewe pengine amekulia humo, na anapanda basi kwenda kulinda urithi Muhumba.

Kuna urithi mwingine ambao hakuna anayeusimamia kwa banderoli, na haujapotea: jina la mji. Wazee wanasema Bukavu linatoka kwenye neno la Mashi la ng'ombe, bu-nkafu, mahali pa ng'ombe. Wakoloni waliandika Costermansville kwenye ramani, kwenye stampu na kwenye stesheni. Watu waliendelea kusema Bukavu nyumbani na sokoni. Katika miaka ya 1950, uhuru ukiwa bado, leta yenyewe ya kikoloni ililiacha jina la Costermans na kurudisha la Bukavu. Hakuna aliyelinda jina lile kwa sheria. Lilidumu kwa kuwa watu walilitumia kila siku na walijua maana yake.

Balega wanatufundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Sanamu ndogo na vinyago vya bwami, vya mti na vya pembe, leo viko Tervuren, New York na Los Angeles, na vingine viko hapa Bukavu katika makumbusho ya Wamisionari Waxaveri. Wataalamu kama Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti Bulega katika miaka ya 1950, walionyesha ya kwamba kila kitu katika bwami kinakwenda na methali yake, wimbo wake na mchezo wake. Mwenye cheo alionyeshwa kitu na akaambiwa neno. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikapiga bwami marufuku. Vitu vingi vikaondoka bila maneno yao. Mtu wa New York anakiona kinyago kizuri sana, na hajui kinasema nini. Je, hatutaki kufanya vilevile na nyumba za mji wetu, kulinda ukuta na kuacha neno lianguke?

5. Anayebomoa ni nani?

Jambo la tatu ni zito zaidi. Kampeni zinahubiri kwa watu wadogo. Zinamwambia mama wa soko asiegemeze meza yake kwenye ukuta wa kale, zinamwambia mtoto asiandike jina lake kwa makaa. Ni vizuri. Lakini mama na mtoto hawajabomoa nyumba hata moja. Nyumba inabomolewa kwa karatasi yenye sahihi na muhuri.

Sheria tunazo. Ordonnance-loi nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inahusu ulinzi wa mali za utamaduni. Inaipa leta njia ya kuandikisha jengo kwenye orodha ya yanayolindwa, na jengo lililoandikishwa halibomolewi wala kubadilishwa bila ruhusa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 46, inasema leta inalinda urithi wa utamaduni wa taifa na kuukuza. Kwa upande mwingine, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya leta, na mtu anapewa haki ya kuitumia kwa cheti. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kutoa cheti njo mwenye uwezo juu ya nyumba. Watu wa mji wanajua vizuri namna nyumba za leta zilivyogeuka za watu binafsi, na bustani za watu wote zilivyoota kuta usiku.

Tungependa kuona kampeni moja inayouliza wazi: ni majengo gani ya Bukavu yameandikishwa kwa sheria ya 1971? Orodha iko wapi? Nani anaitunza? Swali hilo halihitaji banderoli. Linahitaji barua yenye adabu, wanafunzi kumi wanaotia sahihi, na mtu wa kurudi ofisini mara ya pili na ya tatu. Tunajua kwa nini wanaogopa. Mwanafunzi ana masomo ya kumaliza, ana jamaa mjini, na mwenye parsele anaweza kuwa mtu mkubwa. Uoga huo si aibu. Lakini kampeni inayozungumza na wasio na nguvu peke yao, na kunyamaza mbele ya wenye muhuri, inafundisha umma kwamba kosa ni la maskini. Na huo ni uongo.

6. Wenzetu wamepitia wapi?

Tutazame mbali kidogo. Nchi yetu ina mahali patano kwenye orodha ya urithi wa dunia: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya Okapi. Patano pote ni pa misitu na wanyama. Hakuna hata jengo moja, hata mji mmoja. Rumba ya Kongo iliingia kwenye orodha nyingine, ya urithi usioshikika, Desemba 2021. Basi anayengoja Paris ije kulinda nyumba za Nguba atangoja sana.

Tena kuingia kwenye orodha si mwisho wa safari. Kahuzi-Biega, jirani yetu, iliundwa mwaka 1970 na kuandikishwa 1980. Batwa waliokaa katika msitu ule walitolewa. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu uliosema haki zao zilivunjwa. Tangu 1997 hifadhi hiyo iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Urithi ulitengwa na watu waliokuwa wanaujua kwa majina, na hakuna aliyepata raha, si watu wala msitu. Kule Zanzibar, Mji Mkongwe uliandikishwa mwaka 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, tena likiwa katika matengenezo.

Mfano unaotutia moyo uko ndani ya nchi. Lubumbashi, tangu mwaka 2000, walimu wa iniversite na makumbusho ya taifa ya kule walianza kazi inayoitwa "Mémoires de Lubumbashi". Waliwaita wakazi wa mji walete kumbukumbu zao na vitu vya maisha ya kila siku, vya jikoni, vya kazini, vya muziki, na vitu hivyo vikaonyeshwa kwenye makumbusho. Mtu aliyeingia alikuta sufuria kama ya mama yake. Mtaalamu alikaa akasikiliza, mkazi akasema. Hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba urithi ni wake.

7. Kumbukumbu inayouma

Kuna mahali ambapo wanafunzi hawapigi picha. Pale Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa. Mtu wa mtindo wa Art déco hana la kutazama pale. Lakini mtu mzima wa Bukavu akipita na mtoto atamwonyesha kwa kidole: "Hapa njo baliua Munzihirwa." Kila mwaka tarehe hiyo watu wanamkumbuka kwa misa na kwa maneno. Kule Kasika, katika Mwenga, watu wa Luindi wanawakumbuka waliouawa tarehe 24 Agosti 1998, Mwami Mubeza akiwa kati yao. Hizi ni nguzo za kumbukumbu za kweli, na zinalindwa pasipo kampeni kwa sababu wenyewe wanajulikana.

Wako wanaosema vijana wasiguse mambo haya, ni siasa. Tuwajibu kwa mfano. Mwaka 2013 vijana Wakongomani wanaoishi Uingereza, wa chama cha CAYP, walianzisha kumbukumbu ya Genocost, wakachagua tarehe 2 Agosti kukumbuka waliokufa katika vita vyetu. Walikuwa wachache, na wengi hawakuwasikiliza. Sheria ya Desemba 2022 ilipokea tarehe hiyo kuwa siku ya taifa. Walianza na swali ambalo kila jamaa ilikuwa nalo nyumbani: wafu wetu tunawakumbuka wapi? Tunajua kwamba wakati wa bunduki si kila neno linasemwa hadharani, na hatumwombi kijana yeyote ajitoe sadaka kwa ajili ya ukuta. Lakini kuandika anachosimulia bibi yako jioni, ukaweka daftari mahali salama, ni kazi inayowezekana hata wakati mgumu. Nyakati ngumu njo zinapoteza mashahidi haraka.

8. Tunaomba nini?

Mtu anayechambua bila kupendekeza anafanana na anayeonja mboga na kuondoka. Basi tuseme tunavyoona.

Wanafunzi wachague jengo moja kwa mwaka mzima, badala ya majengo ishirini kwa siku moja. Wajue lilijengwa lini, lilipita mikononi mwa nani, nani analala humo leo, paa linavuja wapi, na bei ya kulitengeneza ni kiasi gani. Mpangaji anayeishi vyumba viwili na watoto saba si adui wa urithi. Mara nyingi ni yeye aliyeziba tundu la paa kwa plastiki na kuokoa dari. Majengo yanayotumika hayafi upesi: Alfajiri imesimama kwa kuwa kila asubuhi kengele inalia na watoto wanaingia.

Kila mmoja akae na mzee mmoja wa mtaa wake, aulize na kuandika kwa lugha ya yule mzee, iwe Kiswahili, Mashi, Kilega au nyingine. Mlango wa nyuma uandikwe pamoja na baraza la mbele. Kisha ile TFC irudi mtaani. Kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zikisomwa kanisani, msikitini au kwenye mkutano wa mtaa, zina faida kuliko nakala tatu zenye jalada gumu.

Sheria ya 1971 nayo iwekwe katika Kiswahili, kwa kifupi, kusudi mtu akiona nyundo ajue cha kuuliza na wapi. Na Kadutu na Bagira ziingie kwenye ramani ya matembezi, pamoja na Ibanda.

Walimu na sisi wa vyama vya utamaduni tuna sehemu yetu. Kwa miaka tumewasifu vijana kwa idadi ya watu waliohudhuria na kwa uzuri wa tisheti. Tukianza kuwauliza ni wazee wangapi waliwasikiliza, na ni neno gani jipya walilileta, watabadilisha kazi yao haraka, kwa maana akili hawakukosa.

Siku kijana wa Bukavu atakaposimama mbele ya nyumba ya zamani, na mama wa sambaza akashusha beseni yake, akamkatiza na kusema, "Hapana, mutoto wangu, haikuwa vile, acha nikuambie," siku hiyo kampeni itakuwa imeanza. Kijana anyamaze, achukue kalamu.